Jinsi ya Kuileta Meli Kyela Kusikofika Bahari

Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kuwa na meli ya moshi Kyela, na mwaka anaoutaka ni 1890. Reli ya TAZARA haijajengwa, lami ya kuteremka kutoka Tukuyu haipo, na fundi mwenye mashine ya kukunja bamba la chuma yuko Ulaya. Ziwa Nyasa liko kiasi cha mita 475 juu ya usawa wa bahari na lina njia moja tu ya kutokea maji, Mto Shire, unaokwenda kuungana na Zambezi. Katikati ya Shire kuna maporomoko yanayoshuka zaidi ya mita 300, na hakuna meli inayoyapanda. Kwa hiyo meli yako itakuja vipande vipande, itabebwa na watu, itaunganishwa juu ya maporomoko, kisha itavuka ziwa zima kutoka kusini hadi huku kwetu kaskazini. Watu walifanya hivyo, tena zaidi ya mara moja. Ukizifuata hatua zao utafika.

Usianze na kalamu. Anza na mpagazi. Muulize mzigo anaouweza, si wa kuunyanyua mara moja mbele ya watu, bali wa kwenda nao siku nyingi juani, milimani na kwenye matope. Atakwambia kilo 25, akijitahidi sana 30. Namba hiyo iandike juu kabisa ya karatasi yako, kwa sababu ndiyo itakayoamua unene wa bamba, ukubwa wa bamba, idadi ya mataruma, yaani mbavu za meli, na hata umri wa meli yenyewe. Bamba la chuma lenye unene wa milimita 3, mita moja kwa mita moja, lina uzito wa karibu kilo 23 na nusu. Huo ni mzigo wa mtu mmoja. Ongeza unene ufike milimita 5, bamba la ukubwa uleule linakuwa kilo 39, na mpagazi wako anakaa chini. Itakubidi ulikate, na ukilikata umeongeza kiungo, na kila kiungo ni safu nyingine ya ribiti na mahali pengine pa kuvujia.

Utavutiwa kulipunguza unene. Kabla hujafanya hivyo, msome Livingstone na chombo chake Ma Robert, kilichotengenezwa Birkenhead na kuletwa Zambezi mwaka 1858. Mabamba yake yalikuwa na unene wa inchi moja ya kumi na sita, yaani milimita 1.6 tu. Yalikuwa mepesi kweli. Yakatoboka, yakazibwa, yakatoboka tena pembeni mwa viraka, na injini ikawa inakula kuni hata mabaharia wakawa wakata miti kuliko wasafiri. Mwisho wa mwaka 1860 chombo kikazama mtoni. Basi kati ya milimita 1.6 isiyodumu na milimita 5 isiyobebeka, hapo ndipo ilipo kazi ya mbunifu wa meli ya Ziwa Nyasa. Mbunifu wa meli ya baharini hakuwahi kuumizwa kichwa na jambo hilo.

Sasa shika kalamu. Mchoro wa meli wa karne ya 19 ni michoro mitatu ya kitu kimoja. Wa kwanza unaitazama meli kwa ubavu: mkuku chini, omo mbele, shetri nyuma, na mstari wa maji ukipita katikati. Wa pili unaitazama kutoka juu, nao huonyesha nusu tu, maana nusu ya pili ni ileile imegeuzwa. Wa tatu unaikata meli kama anayekata mkate, kipande baada ya kipande, na kuvipanga vipande vyote mahali pamoja: vya upande wa omo kulia, vya upande wa shetri kushoto. Nukta yoyote juu ya ubavu wa meli lazima ionekane katika michoro yote mitatu, na vipimo vyake vikubaliane. Visipokubaliana, rudi nyuma. Wachoraji wa Hamburg na Glasgow walifanya kazi hii juu ya karatasi nene, wakainakili kwa wino juu ya kitani chembamba kilichopakwa wanga, kisichochanika upesi na kinachopitisha mwanga. Mistari iliyopinda hawakuichora kwa mkono mtupu. Walikuwa na ufito mwembamba wa mti, wanaukandamiza kwa vipande vya risasi, na kalamu inaufuata.

Kipimo kilichozoeleka viwandani Uingereza kilikuwa robo inchi kwa kila futi, maana yake karatasini kila kitu ni kidogo mara 48. Ilala, meli ya moshi ya kwanza kuelea katika Ziwa Nyasa, ilikuwa na urefu wa futi 48. Kwa kipimo hicho inakaa karatasini kwa futi moja kamili. Lakini tazama hatari yake: kalamu ikiteleza milimita moja, ubavu wa meli umekosewa karibu sentimita 5, na bamba la chuma halivutiki kama nguo. Kwa sababu hiyo viwanda vilikuwa na ghala lenye sakafu pana ya mbao, ambako mafundi waliuchora upya mchoro wote kwa ukubwa halisi, wakitembea juu yake kwa miguu. Makosa ya karatasi yalionekana pale. Kutoka sakafuni ndiko walikotoa violezo vya kukunjia mataruma.

Kyela hatuna ghala hilo, lakini tuna Matema, na Matema ina mchanga ambao sijauona mwingine unaofaa kuliko huo. Nenda asubuhi mchanga ukiwa bado na unyevu. Vuta kamba ya mita 14 na sentimita 60, huo ndio urefu wa Ilala. Igawe sehemu kumi, na kila sehemu piga mambo, yaani kigingi. Katikati pima mita moja na nusu kutoka kwenye kamba, kwa kuwa upana wa chombo ulikuwa kama mita 3, kisha punguza kidogo kidogo kuelekea omo na shetri, na kila ulipopima piga mambo nyingine. Sasa leta mwanzi mrefu uliopasuliwa, wa Rungwe ukiupata, na uupindishe upite nje ya mambo zote. Hapo utaona jambo ambalo kitabu hakiwezi kukuonyesha. Mwanzi hautaki kona. Mambo uliyoipima vibaya itauacha mwanzi mbali nayo kwa upana wa vidole viwili, au itausukuma utoke nje, na mtoto yeyote aliyesimama hapo ataiona kabla yako. Isogeze. Endelea kusogeza mpaka mwanzi umegusa zote bila kulazimishwa. Umekwisha kufanya kazi ambayo mchoraji wa kiwandani alilipwa kuifanya, na walimu wa hesabu wa Kyela wangeweza kuifanya na wanafunzi kwa asubuhi moja, bila kununua chochote.

Mchoro ukikamilika, uulize juu ya maji yetu. Meli iliyokokotolewa kwa bahari itakaa chini zaidi ziwani, kwa sababu maji ya chumvi ni mazito na yanabeba zaidi. Chombo cha tani 100 kinasukuma mita za ujazo 100 za maji ya Ziwa Nyasa, lakini baharini kingesukuma kama 97 na nusu tu. Tofauti hiyo haitakuzamisha, ila itakukwamisha. Ufuko wa Kyela ni kazi ya mito. Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufirio huteremka na udongo wa milimani na kuumwaga ziwani, na mvua za Aprili zikipita, fungu la mchanga lililokuwa kushoto unalikuta kulia. Waulize watu wa bandari ya Itungi. Basi chora tumbo pana na kina kifupi, na usitegemee gati. Tegemea mitumbwi itakayokuja kupokea mzigo. Kwa upande mwingine, maji haya baridi yasiyo na chumvi ni neema kwa boila: unaweza kulinywesha maji ya ziwa hilohilo unaloelea, jambo ambalo nahodha wa baharini hathubutu.

Kisha kuna Mwera. Upepo huu huvuma kutoka kusini, hasa katika miezi ya kiangazi cha baridi kuanzia Mei, na ziwa lina urefu unaozidi kilomita 550. Wimbi linaloanza kusini linakuwa na ziwa lote la kukulia kabla halijafika Kyela, na likifika halina pa kwenda isipokuwa juu ya ufuko wetu. Mchoro wako ujibu swali moja kuhusu Mwera: uzito uko wapi? Kuni za siku mbili, zikipangwa juu ya sitaha kwa sababu ngamani hamna nafasi, zinaupandisha juu uzito wa meli, nayo inaanza kulala ubavu na kuchelewa kuinuka. Mwendesha mtumbwi wa Ikombe anayewaletea watu wa Matema vyungu vya Wakisi analijua hili bila karatasi: vyungu vizito chini, vidogo juu, na akiona maji yamebadilika rangi upande wa kusini hatoki. Askofu Chauncy Maples wa misheni ya UMCA alizama ziwani humu Septemba 1895, mashua yake ilipopatwa na dhoruba usiku. Chora chumba cha kuni chini, karibu na mkuku, hata kama mabaharia watalalamika kwa kupanda na kushuka ngazi.

Meli iliyopewa jina la askofu huyo ndiyo ninayokushauri uisome kuliko zote. Mbunifu wake alikuwa Henry Marc Brunel, mwana wa Isambard Kingdom Brunel, mtu aliyekuwa ameshiriki katika hesabu za daraja la Tower Bridge la London. Kiwanda kilikuwa Alley & McLellan cha Glasgow. Chauncy Maples ilikuwa na urefu wa futi 127, yaani karibu mita 39, na ilikusudiwa kuwa zahanati, shule ya walimu na kanisa, yote ikitembea ziwani. Iliunganishwa kwanza kiwandani ili kuhakikisha kila bamba linakaa na mwenzake, ikafunguliwa, na ikafungwa katika mizigo 3,481. Hapa pana somo la uchoraji ambalo watu hulipita haraka. Kila kipande kilipaswa kuwa na alama yake, na alama hiyo iwe ileile iliyo kwenye mchoro. Herufi na namba zipigwe kwa nyundo ndani ya chuma chenyewe. Rangi haifai: mzigo utalala kwenye nyasi, utalowa, utasuguliwa na kamba na jasho, na rangi itaondoka. Fundi akiwa Mponda, kusini mwa ziwa, na bamba lisilo na namba mkononi, hana wa kumuuliza karibu kuliko Glasgow.

Boila halikubali kugawanywa. Unaweza kukata sitaha, mlingoti, hata mkuku, lakini boila lililokatwa si boila tena. La Chauncy Maples lilikuwa na uzito wa tani 11. Lilipandishwa juu ya magurudumu, na Wangoni 450 wakalivuta kwa kamba maili 64, wakikata njia mbele na kulizuia kwa nyuma kwenye miteremko, kama maili 3 kwa siku. Nikiusoma mchoro wa meli hii, boila ni duara dogo katikati ya ubavu, limepakwa rangi nyepesi, na pembeni pana kipenyo chake. Mimi ningeongeza jambo moja pale, na ninakuomba nawe uliongeze kwako: jedwali. Viwanda viliandika kwenye mchoro jina la meli, jina la kiwanda, kipimo na tarehe. Chini ya maandishi hayo panga safu ya wapagazi. Namba ya bamba, jina la aliyelibeba, kijiji chake, alipolipokea, alipolitua. Watu 450 wameandikwa vitabuni kama idadi, wakati Brunel ameandikwa kwa majina yake yote matatu, na bila kamba zao meli ya Brunel ingebaki chuma kilichopangwa vizuri ukingoni mwa mto. Sioni sababu ya fundi yeyote mwenye haki kuliona jedwali hilo kuwa nyongeza. Lina faida ya kazi pia, maana bamba likikosekana unajua pa kuuliza.

Mahali pa kuunganishia pachague mapema, na pawe juu ya maporomoko. Livingstone alileta meli nyingine, Lady Nyassa, akitumia fedha zake mwenyewe. Aliiunganisha chini kabisa, Shupanga kwenye Zambezi, mwaka 1862. Ilipofika kwenye maporomoko ya Shire ilianza kufunguliwa tena, barabara ya kuipitishia haikukamilika, na ziwa lililoipa jina meli hiyo halikuliona. Mwaka 1864 aliisafirisha mwenyewe kutoka Zanzibar hadi Bombay, akaiuza huko. Edward Young, aliyeleta Ilala kwa ajili ya Misheni ya Livingstonia mwaka 1875, alijifunza. Chombo chake kilitengenezwa na Yarrow wa London kwa kusudi la kufunguliwa: kilisafiri kutoka mdomo wa Zambezi hadi chini ya maporomoko, kikafunguliwa, mamia ya wapagazi wakakipandisha, kikaunganishwa upya juu, na tarehe 12 Oktoba 1875 kikaingia ziwani. Young ndiye aliyekuja nacho hadi kaskazini, akakuta ziwa linaendelea mbali kuliko ramani ilivyosema, na kuipa jina milima ile inayosimama juu ya Matema. Ukitaka kufungua njiani, basi, mahali pa kufungulia paonyeshwe kwenye mchoro tangu siku ya kwanza, na viungo hivyo viwe vya bolti. Ribiti ni za mwisho wa safari.

Wajerumani walifuata njia hiyohiyo. Hermann von Wissmann alichangisha fedha kwa ajili ya meli ya kupambana na biashara ya watumwa, ikatengenezwa na Janssen & Schmilinsky wa Hamburg, ikabebwa kuzunguka maporomoko, ikaunganishwa Mpimbi na kushushwa majini mwaka 1893, ikiwa na jina lake. Kituo chake hawakukiweka kwenye tope la Kyela. Walikwenda Lumbila, kusini-mashariki ya Matema, ambako Milima ya Livingstone inaingia majini wima na kina kinaanza karibu kabisa na nchi kavu, wakapaita Langenburg. Naelewa uamuzi wao kwa upande wa kina cha maji. Kwa upande wa watu na mpunga haukufaa, na baada ya miaka michache boma lilihamia juu, Tukuyu.

Usisahau kuchora chelezo. Meli yako itahitaji kupandishwa nchi kavu, ikwanguliwe na kupakwa rangi, na ziwani hakuna wa kukukopesha chelezo chake. Cha Hermann von Wissmann kilikuwa Liuli, na ndipo ilipokuwa juu ya magogo Agosti 1914, wakati meli ya Waingereza Gwendolen ilipokuja na habari ya vita na kuipiga mizinga. Nahodha wake, Berndt, hakuwa amepata taarifa kwamba vita vimeanza, na aliyempiga, Rhoades, nahodha wa Gwendolen, alikuwa rafiki yake. Chelezo chako kitazame mbali na ziwa wazi, nyuma ya rasi au kisiwa, na meli isikae juu yake siku nyingi kuliko inavyohitaji rangi kukauka.

Ukitaka kuona kazi hii kwa macho, huna haja ya kurudi 1890. Nenda Itungi. Matishari ya MV Njombe na MV Ruvuma, yenye uwezo wa tani 1,000 kila moja, na meli ya MV Mbeya II ya abiria 200, yote yaliunganishwa hapohapo na mafundi wa Songoro Marine, kwa sababu ileile iliyomsumbua Young: bahari haifiki. Omba kuonyeshwa michoro. Utaikuta mitatu, ubavu, juu na vipande, kama ilivyokuwa Hamburg, ingawa siku hizi inatoka kwenye kompyuta. Michoro hiyo ingefaa nakala zake zihifadhiwe Kyela kwenyewe, kwenye maktaba au ofisi ya wilaya ambako kijana wa Ipinda anaweza kuingia na kuifungua mezani.

Sasa meli iko majini, na imebaki kuifikisha. Ondoka kusini katika miezi ambayo Mwera umetulia, Novemba kwa mfano, kabla mvua kubwa hazijavuruga midomo ya mito. Ukikaribia kaskazini, mlima utakuwa kulia kwako na nchi tambarare mbele. Tangulia kulenga Matema, penye kina, usikimbilie Mwaya wala mdomo wa Kiwira kabla hujamtuma mtu na mtumbwi na ufito wa kupimia. Omo ielekee kusini, iutazame upepo. Tia nanga mbili, si moja, na acha mnyororo mrefu. Boila lisizimwe usiku wa kwanza: moto mdogo ubaki, ili Mwera ukiamka ghafla uwe na mvuke wa kukutoa ufukoni. Asubuhi piga honi, na uwe na bei ya kuni tayari, kwa maana wa kwanza kuja na mtumbwi atakuuliza hiyo.